Ng'ombe wa Rangi Mbili

Redio ya Ministre imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na haisikiki vizuri mpaka uielekeze mlima wa Mont Kigali. Asubuhi ile ya Jumamosi, mwaka wa tisini na mbili, aliishusha kutoka sikioni, akailaza magotini kama mtoto aliyesinzia, akatutazama mmoja mmoja. Nikaacha kupuliza mkaa chini ya birika langu la kahawa. Akitutazama hivyo ujue kuna habari.

Jina lake hasa ni Munyakazi; Ministre, yaani Waziri, ni la hapa kibarazani. Zamani alikuwa anapeleka chai kwenye ofisi za wizara moja, na tangu wakati huo hasemi "nimesikia" kama sisi.

"Tumearifiwa," akasema, "kuna Mzungu anazunguka Zaïre yote kutafuta watu wa kuchora. Mkoa kwa mkoa, galeri kwa galeri. Sasa yuko Bukavu, anafungua eksipozisyo ya picha. Anaita wasanii wa mahari, hata wa kutoka huku Kigali."

Rangi Mbili alikuwa ameinua kikombe. Kikabaki hewani.

Huyu ni Rugamba, anayechora vibao vya maduka hapa Biryogo. Tunamwita Rangi Mbili kwa sababu hajawahi kuwa na ya tatu. Na siku hizi hata hizo mbili anazitumia kwa woga, maana kila rangi imepata chama chake, mtu anavaa shati baada ya kuuliza majirani.

"Wasanii wa mahari?" akauliza. "Mahari hii ya kuoa?"

"Wewe unajua mahari ingine?" Ministre akamjibu.

Ndani ya duka, Ismaël alikuwa anakanyaga cherehani kwa fujo, ana nguo za harusi za watu. Kibaraza ni chake na sisi tumekikalia, lakini hakuwa anasikia kitu.

Vitesse, ambaye taksi yake inalala gereji Gikondo kuliko anavyolala yeye kwake, akamgeukia kinyozi. "Zaïre Kubwa, hiyo si nchi yako? Tufafanulie. Galeri ni kitu gani kwanza?"

Zaïre Kubwa ni mtu wa Bukavu. Ukimuuliza bei ya kunyoa anaanza kwa kukueleza ukubwa wa nchi yake. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Galeri ni nyumba haina kitanda, haina meza, haina hata sufuria. Iko na ukuta tu. Batu banaingia, banaongea pole pole, banatoka."

"Kumbe ni kwangu," Vitesse akasema. "Tangu mke aondoke na vyombo."

"Wee cheka. Nchi yetu ni kubwa, unaanza kupiga chafya Goma, unaimalizia Kinshasa. Na kila mkoa iko na wachoraji yake. Lubumbashi, kila saluni ya wageni, nyumbani kwa mtu mwenye heshima, iko na tablo, picha ya mamba-muntu, mwanamke huku juu, samaki huku chini."

"Na mwenye nyumba anamwambia nini mkewe?"

"Anamwambia ni samaki. Kisangani banachora mto, tablo inakaa mwaka mzima haikauki. Kinshasa mchoraji anatundika tablo barabarani, halafu anasimama mbele yake, ili umuone yeye kwanza."

"Na hawa wa mahari?" Rangi Mbili akauliza. Sauti yake haikuwa ya mzaha.

Nilimwona Zaïre Kubwa akitafuta jibu juu ya mabati ya jirani. Hakuwa analijua hilo neno, lakini mtu wa nchi kubwa hivyo atasemaje hajui?

"Ah, hiyo kwetu ni kitu ya zamani," akasema. "Kule Kasayi. Mtu akikosa ng'ombe, anaichora. Anapeleka kwa baba mkwe, baba mkwe anatundika. Imekwisha."

"Na bibi anakuja mwenyewe," Vitesse akauliza, "au naye analetwa kwenye fremu?"

Tulicheka, Rangi Mbili peke yake hakucheka. Wote pale tulijua shida yake. Anampenda Uwera, binti ya Mzee Nkusi, na Uwera anampenda, lakini Mzee anataka ng'ombe. Ng'ombe wa Rangi Mbili wapo, ila wapo kwa mjomba wake huko Mutara, upande wa vita, barabara imefungwa. Na kesho yake Jumapili alikuwa anakuja Gisa wa Kimironko kuleta posa. Huyo ana ng'ombe aliyefungwa kamba, anayekula na kunya kama kawaida.

Rangi Mbili akaweka kikombe chini, kahawa bado imo, akaondoka.

"Mmemwua mtoto wa watu," nikasema.

"Sisi?" Ministre akasema. "Ni redio, dada."

Alirudi alasiri, amebeba ubao wa kibao cha duka la dawa. Mwenye duka alikuwa amekikataa wiki ile kwa sababu kiliandikwa PHALMACIE badala ya PHARMACIE. Aliugeuza nyuma, akausimamisha ukutani, akakaa kando. Mikono yake ilikuwa myekundu na kijani mpaka kwenye viwiko.

Alikuwa ng'ombe, hilo siwezi kulikataa. Mwili mwekundu, pembe kijani, na kwenye paji la uso ubao mtupu, rangi haikutosha.

Hatukupata muda wa kusema kitu maana Mzee Nkusi alitokea na fimbo yake, kama kila alasiri, kunywa kahawa. Huyu Mzee ndiye msemaji wa upande wa msichana kwenye harusi zote za mtaa, anayekagua ng'ombe wa mahari na kuwatoa kasoro mpaka upande wa pili umjibu. Upande wa bwana harusi ukisikia Nkusi ndiye atakayewapokea, unakwenda kukodi msemaji mpaka Gitarama. Nikamwekea kiti. Hakukaa.

"Hiki ni nini?"

"Mahari, Mzee," Rangi Mbili akasema akiwa amesimama, kichwa chini.

"Iko wapi?"

"Imesimama mbele yako, Mzee."

Ministre akajikohoza. "Mzee, tumearifiwa na redio kwamba hii sasa iko kimataifa. Kule Zaïre..."

Mzee akamnyamazisha kwa fimbo bila kumtazama. Akauzunguka ubao kadiri ukuta ulivyomruhusu.

"Pembe kijani."

"Amekula majani mengi, Mzee," Vitesse akasema.

"Miguu mitatu."

"Wa nne uko nyuma ya wa tatu," Rangi Mbili akasema.

"Kiwele sikioni."

"Amekiinua kwa adabu, yuko mbele ya wakwe," Vitesse akasema.

Mzee akainama. Nilimwona midomo inacheza, kama anavyokuwa kwenye harusi kabla ya kumpiga mtu neno.

"Anatazama nje. Ng'ombe anayetazama nje ya zizi ni mtoro, mimi sipokei mtoro."

"Anakutazama wewe, Mzee," Rangi Mbili akasema. "Ameshajua atakwenda kukaa wapi."

Vitesse akapiga paja. Mzee hakucheka, ila alichukua muda kutafuta neno lingine, na hilo sikuwahi kuliona.

"Ametoka kwa nani?" akauliza.

Hapo Rangi Mbili akainua kichwa. "Kwa mjomba wangu, Mutara. Huyu nilimchunga mwenyewe. Siwezi kumfikia, Mzee, na sijui kama bado yupo. Nimemchora kwa kumkumbuka. Pembe tu ndizo za uongo, nyeusi sina."

Cherehani ndani ilikuwa imesimama. Ismaël akatokea mlangoni na pini mdomoni, akazitoa moja moja. Babu yake alitoka Bagamoyo, na Kiswahili chetu kinamuuma kama jino.

"Redio ilisema nini hasa?" akauliza.

"Inaita wasanii wa mahari," Ministre akasema.

"Mahali, Munyakazi."

"Ndiyo nasema, mahari."

"Ma-ha-li. Pahala. Wasanii wa hapahapa, wa mitaani. Huyo Mzungu anatafuta wachoraji, mahari ya watu haimhusu. Nyinyi r na l mmezipangisha chumba kimoja, sasa mnaona zinavyozaa?"

Sote tukamgeukia Zaïre Kubwa.

"Nilisema Kasayi," akajitetea. "Kasayi iko mbali."

Rangi Mbili masikio yalimwiva. Akausogelea ubao, akaanza kuugeuza upande wa PHALMACIE ili auondoe. Fimbo ya Mzee ikashuka juu ya ubao.

"Mwache ng'ombe."

"Mzee, nisamehe, sikukusudia kukufanyia mzaha. Walisema redio..."

"Nimesema mwache. Nimemkagua mbele ya watu. Nimemtoa kasoro moja moja, na kila moja mmeijibu. Hebu niambieni, ng'ombe akishajibiwa hivyo, baba wa msichana anamrudisha vipi?"

"Harudishi," Ismaël akasema. "Wewe mwenyewe ndiye umetufundisha hivyo, kwenye harusi ya dada yangu."

Mzee akamtazama kwa chuki ya mtu aliyeshindwa kwa maneno yake. Halafu akakaa, akanipa mkono nimpe kahawa, akanywa nusu. "Gisa nitamwambia zizi limejaa. Huyu wa ubao atashika nafasi. Barabara ya Mutara ikifunguka, unamleta mwenzake."

Rangi Mbili akapiga magoti. Vitesse ndiye aliyeharibu, kama kawaida yake.

"Lakini desturi, Mzee. Ng'ombe wa mahari akizaa, baba mkwe anawapa maharusi ndama. Huyu mwenzangu ndama wake anamngojea wapi?"

Mzee Nkusi alikuwa ameshasimama. Akauchukua ubao kwapani, ng'ombe kwa ndani, rangi mbichi ikamwingia kwenye koti. Akakitazama kidole chake cha kijani, akakielekeza kwa mkwewe.

"Ndama utampata," akasema. "Nitakuchorea mwenyewe."