Ombi la Kutunzwa Kama Udongo wa Tangi

Nakawa, Kampala

Mzee wetu Akram, Mkurugenzi wa kiwanda,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na Mama Ayesha na wote wa nyumbani Ntinda. Mimi ni Guerschom, yule Mkongo anayejaza udongo kwenye tangi. Shule niliiachia darasa la sita huko Beni, basi nikikosea utaalamu unisamehe. Ninaandika kuhusu mwenzangu Oola, uliyemfukuza Jumatatu kwa sababu kifua chake kimejaa masizi na anakohoa mbele ya wateja.

1. Mhandisi Babra alitufundisha vizuri. Oili chafu ya gereji ni nzito, haifai kwenye lori. Tukiichemsha na ule udongo mweupe, udongo unaikatakata mpaka inakuwa dizeli. Udongo wenyewe hauliwi na kazi, unashika masizi tu. Mhandisi anauita kichocheo. Basi Oola naye ni kichocheo: miaka yote amekugeuzia mafuta mazito kuwa dizeli, na yeye hakubadilika hata kidogo. Aliingia maskini, ametoka maskini.

2. Udongo ukishika masizi haufukuzwi. Hakuna askari anayeukunja shati. Unahamishiwa tangi la pembeni, unapulizwa hewa safi, masizi yanaungua, kisha unarudi kazini na tunaupokea kwa adabu. Oola alipulizwa na nani? Aliomba ruhusa aende hospitali ya Mulago kupimwa kifua, akaambiwa hewa iko ya kutosha nje ya geti.

3. Sisi tuna dirisha moja, nalo umelipigilia misumari majirani wasisikie harufu. Sisemi ni vibaya. Pua za majirani ni pua za watu.

4. Joto la udongo likizidi, Mhandisi hukimbia kama mama aliyesikia mtoto analia. Oola alipozirai kando ya tangi, alikimbia vilevile. Alikimbilia tangi.

Kwa hiyo naomba vibarua wote tuhamishwe kutoka kwenye orodha ya watu, tuandikwe stoo pamoja na udongo. Oola awe wa kwanza. Apelekwe akapulizwe hewa safi kwa gharama ya kiwanda, hata Entebbe kando ya ziwa, na akishasafika arudishwe kazini. Sidai arudi mweupe, inatosha akiacha kukohoa. Hatuombi kuwa watu. Watu wamejaa getini kila asubuhi wakiomba kazi, tunawaona.

Wasalimie wote wa ofisini, hata yule askari wa getini, na ukipita karibu na tangi uusalimie udongo.

Ni mimi kibarua wako mwenye masizi,
Guerschom

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimemwona Mhandisi akiagiza udongo wa zamani umwagwe mtaroni, nyuma ya ukuta. Nilipomuuliza akasema umechoka, haukati tena, na kununua mwingine ni rahisi kuliko kuusafisha. Umemwagwa palepale Oola alipokaa Jumatatu nzima akingoja kuitwa ndani. Basi Mzee, futa yote niliyoandika hapo juu. Usitutunze kama udongo. Mpeleke Oola hospitali kama vile ni mtu, na kama hujawahi kufanya hivyo, njoo hapa tangini tutakuelekeza.