Ombi la Kusitisha Usafi Katika Jengo Letu

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wapangaji,
Ghorofa ya Kwanza, Mlango wa Kushoto.

Ndugu Mwenyekiti, shikamoo.

Mimi ni yule binti wa ghorofa ya nne aliyekuja kwako mwezi uliopita kuomba ruhusa ya kuchunguza vijidudu vinavyoishi nasi humu ndani: kwenye swichi, vitasa, sinki na mito. Nilieleza kwamba vingi havina madhara, vinatoka kwenye ngozi zetu wenyewe, na kila familia ina vyake kama ilivyo na namna yake ya kugombana. Nilisisitiza kwamba nataka nyumba zilivyo siku ya kawaida. Uliitikia kwa kichwa. Leo nina visahani ishirini na vitatu vya maabara, vya kuoteshea vijidudu hivyo, na karibu vyote havijaota kitu. Msimamizi wangu ameviangalia akauliza kama nilikwenda kwenye nyumba za watu au kwenye chumba cha upasuaji. Nisipompelekea sampuli za kweli kabla ya tarehe ishirini na nane, narudia mwaka. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Nilikupa mistari mitatu ya kuwaomba wapangaji ushirikiano. Wewe ulibandika karatasi yenye muhuri, kichwa chake "UKAGUZI", na chini yake "Msituaibishe". Tangu hapo ngazi hazikukauka maji kwa siku mbili. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alifunga kazi kutwa nzima ili apige deki.

2. Mama Pacha aliwahamishia watoto kwa shemeji yake, wasije wakashika kitu. Nilimkuta yeye na mumewe wamekaa koridoni, nje ya mlango wao, wanakunywa chai. Nyumba ilikuwa safi kweli, ila ilikuwa haina wakazi.

3. Kwenye majiko manne nilionyeshwa sponji ya kijani, mpya, yenye lebo ya duka. Vijidudu vyake vilifanana mno hata nikaandika kurasa mbili kuhusu uhusiano wa ajabu kati ya familia hizo nne. Uhusiano wenyewe nimeujua juzi: ni sponji moja, ilikuwa inapitishwa dirishani kabla sijabisha hodi.

4. Muuguzi mstaafu wa ghorofa ya tatu alisugua rimoti kwa spiriti mpaka namba zikafutika, na sasa mjukuu wake anatafuta chaneli kwa kubahatisha. Aliniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, umesoma mpaka huko ili uje utuhesabie uchafu?" Nilipitisha kijiti changu cha pamba juu ya rimoti, nikaaga.

5. Kamati yenyewe, ambayo kwa miaka mitatu haikuwa na rangi, ilipaka rangi reli ya ngazi asubuhi ile ile ya zoezi. Kijiti changu cha pamba kilitoka cha kijivu. Tangi la maji juu ya paa halikuguswa, nadhani kwa sababu hakuna mgeni anayepanda huko.

6. Nyumbani kwako, Mwenyekiti, nilikaribishwa sebuleni, kwenye makochi ambayo bado yamevaa nailoni ya dukani. Nilipoomba kwenda jikoni, mkeo alisimama mlangoni, mkono mmoja kila upande wa fremu. "Chukua hapa hapa sebuleni, mwanangu. Hapa ndipo tunapoishi." Wewe ulikuwa unatazama dari. Nilichukua sampuli ya nailoni.

Kutokana na hayo, naiomba Kamati kwa heshima zote iamue yafuatayo:

(a) Usafi wa aina yoyote usitishwe jengo zima kwa siku kumi na nne. Sabuni, mafagio na matambara yakabidhiwe kwa mlinzi getini, kwa sahihi.

(b) Atakayekutwa anapiga deki apewe onyo la maandishi. Akirudia, alale na ndoo yake nje.

(c) Kila ghorofa iteue mama mmoja mwaminifu wa kuthibitisha uchafu wa wenzake, na wake athibitishiwe na ghorofa ya juu.

(d) Mwenyekiti awe mfano kwa kuvua nailoni na kukalia makochi.

Naamini kwamba watu wanaoweza kuficha hata alama za vidole vyao kwenye swichi hawatashindwa kuzirudisha.

Nakuachia jambo hili mikononi mwako, ambayo najua ni safi. Nisalimie mkeo, wajumbe wote, mlinzi, pacha wakirudi, na kila aliyenichungulia nyuma ya pazia.

Ni mimi mpangaji wako,
Mwanafunzi wa ghorofa ya nne

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Majibu ya kisahani cha ishirini na nne yamefika. Ni cha chumba changu. Nilikiweka akiba kwa kuwa ndicho pekee nilichokiamini. Hakijaota kitu. Nimekaa kitandani nikajaribu kuikumbuka asubuhi ile: nilifuta swichi, nikafuta kitasa, nikageuza mto. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na hakuna aliyekuwa anakuja. Naomba malalamiko yote sita yasomwe kama yameandikwa dhidi yangu, na ombi (a) lifutwe, kwa maana nimejipima na siliwezi.