Tembea Polepole, Watakuita

Jumatatu, 4 Februari 2013

Nimeingia serikalini! Mimi, Armel wa Weston, hapa Toronto, ghorofa ya tisa, mlango unaolia kama mbuzi.

Sawa, tuseme ukweli kidogo. Nimeingia kwenye hoteli ambayo jiji limekodi ukumbi. Nabeba sambusa. Lakini tunapita mlango mmoja na wakubwa, na mlango haujui nani ni nani.

Mambo yako hivi. Mameneja wa usalama wa jiji, yaani wakubwa wa zimamoto, wa ambulensi, wa wale wanaofunga barabara bomba likipasuka, wanavutana na jiji kuhusu mishahara na marupurupu. Upande huu wa meza mameneja. Upande ule watu wa jiji. Katikati, sambusa za Mama Shahbanu. Huyu ndiye mwajiri wangu, mzaliwa wa Mwanza, mwenye jiko lake, gari lake na sauti yake. Kazi yake ni kuwalisha hawa watu mpaka waelewane. Anasema wiki tatu, nne wakikaza shingo. Anawaombea wakaze.

Mashine ya kahawa inashikwa na Zameer, mtoto wa dada yake. Anasoma biashara chuo kikuu. Najua kwa sababu ananiambia kila anapojaza sukari.

Mama yangu ameweka sheria. Kazi hii ikidumu, vizuri. Siku itakapoisha, alfajiri ninaandamana na Mjomba Eustache kwenda kiwanda cha kuku. Mjomba hunuka kuku hata akiwa kwenye kwaya, sauti ya pili. Anasema pua huzoea. Pua yangu mimi haitaki kuzoea. Pua yangu imezaliwa kwa mambo makubwa.

Jumanne, 5 Februari

Habari nzito! Kiongozi wa mameneja anasema Kiswahili!

Anaitwa Bwana Anverali, mkubwa wa ambulensi, mvi safi, viatu safi. Nimemkuta kwenye ujia anamwambia mke wake kwa simu kwamba hapana, bado, na kwamba leo tena atachelewa. Kiswahili cha Mwanza kabisa! Nusura niangushe trei. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Bukavu, akasema basi sisi ni majirani, ziwa lenu na ziwa letu. Akala sambusa akiwa amesimama, kisha nyingine, akanifungulia moyo.

Wanataka mambo mawili. La kwanza, jiji lisiwapunguzie bima ya meno. La pili, walipwe wanapoitwa kutoka nyumbani. Maana bomba linapasuka usiku wa manane, simu inalia, Bwana Anverali anaacha kitanda na mke na blanketi, anaingia kwenye theluji. Asubuhi mshahara wake ni sawa na wa aliyekoroma mpaka saa moja. Mke wake amesema safari hii asiporudi na kitu, simu ya kazi itaanza kulala garini. Mzee alisema hivyo huku akicheka, ila macho hayakucheka.

Tatizo ni mama mmoja upande wa jiji. Namwita Bibi Miwani. Bibi Miwani anasema anawasikia. Anasema anawaelewa. Anasema ahsante kwa kulileta jambo hilo. Halafu anakataa. Anakataa kwa upole wa mtu anayekukaribisha chai! Bwana Anverali anasema angetukanwa angejua pa kushika.

Nimemuuliza Zameer angefanyaje. Akafungua kompyuta akanionyesha mistari inayopanda na kushuka, akasema yataka subira na takwimu. Nikamwambia mistari hiyo haijawahi kununua hata fungu la nyanya. Akasema nipeleke vikombe. Wivu!

Jumatano, 6 Februari

Leo nimelipatia jiji la Toronto elimu. Bure.

Nilimwambia Bwana Anverali jinsi mama yangu alivyokuwa akinunua kitenge soko la Kadutu. Unataja bei yako. Muuzaji anaapa kwa watoto wake. Unaguna. Unaweka kitenge chini kana kwamba kina upele. Unaondoka. Huvuki hata meza ya jirani, utasikia nyuma: mama, mama, rudi, lete hiyo yako!

Bwana Anverali aliweka kikombe chini. Akasema baba yake alikuwa na duka Mwanza, na yeye, akiwa mtoto, kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kuwaita wateja wanaoondoka. Akasema hakuna mteja aliyewahi kumfikia jirani. Hakuna! Macho yake yaling'aa kama ya mvulana.

Yaani mimi naijua mbinu hii kutoka nje ya kaunta, yeye anaijua kutoka ndani. Maprofesa wawili! Jiji litapona wapi?

Mapumziko yote tumefanya mazoezi kwenye ujia. Mameneja saba, wengine mabibi wa suti, wote wanajifunza kuondoka. Mimi nafundisha, Bwana Anverali anatafsiri. Kanuni: usitazame nyuma. Usikimbie. Sikio moja liache nyuma. Shida ni mkubwa wa zimamoto, jitu kubwa lenye masharubu. Kila tukisema ondoka, anatoka mbio. Miaka yote amekwenda kwenye moto, hajui mwendo mwingine. Nikamwambia atembee kama mtu anayetoka msibani kabla ya pilau kuletwa. Bwana Anverali alitafsiri. Jitu likafikiri. Likatembea vizuri mno!

Zameer alisimama na kitambaa chake begani akauliza swali la kijinga: mteja anaondoka kwa sababu kuna duka la pili, je, mameneja wataenda jiji gani? Hamilton? Nikamwambia biashara haisomwi, inatembewa. Akarudi kwenye kahawa yake. Amekwisha.

Nimemuuliza Bwana Anverali, wakishinda, kama atanitafutia cheo. Mshauri wa jiji, kwa mfano. Alicheka akasema tutaona. Tutaona! Nimeshapata.

Juzi Jumatatu nilikuwa naogopa kuku. Leo kuku waniogope.

Alhamisi, 7 Februari

Mungu wangu. Naandika nusu kwa hofu, nusu kwa sifa.

Saa ya chai ya jioni. Mimi niko ndani na trei. Bwana Anverali ametaja kiwango chao. Bibi Miwani amewasikia, amewaelewa, amekataa. Bwana Anverali akaguna. Guno safi la Mwanza! Akafunga faili, akasimama, na wote saba wakasimama, wakaanza kuondoka. Polepole. Kwa heshima. Masharubu akiwa nyuma kabisa, msiba mtupu. Mimi machozi yalinilenga.

Nikasubiri. Sasa Bibi Miwani ataita.

Bibi Miwani alisimama. Nikajisemea, ndiyo, mama, fungua kinywa! Akafungua. Akawaambia ahsanteni kwa kuja, barabara zinateleza, waendeshe taratibu.

Si hayo tu. Aliwafuata! Mameneja wakasikia nyayo nyuma, nikaona mabega ya Bwana Anverali yanacheka. Kumbe amemletea skafu aliyoisahau kitini. Kisha akatangulia, akawabonyezea lifti! Akaushikilia mlango kwa mkono wake mpaka Masharubu akamaliza kuingia. Akawapungia.

Lifti ikafunga. Katika kufunga niliona uso wa Bwana Anverali. Uso wa mtoto aliyekaa mlangoni pa duka, mteja akapita moja kwa moja kwa jirani.

Zameer alikuwa nyuma yangu. Alisema tu, Hamilton.

Nikafikiri haraka, kama nifanyavyo siku zote. Nini kimekosekana? Mbinu haina kosa! Kimekosekana kitu kimoja: mwitaji. Wazungu wa watu hawajui kuita. Basi nikatupa trei kwa Zameer, nikashuka ngazi kwa vishindo, nikawakuta ukumbi wa chini wanafunga vifungo vya makoti bila kutazamana. Nikapaza sauti: wanawaita! Rudini, wanasema mlete hiyo yenu, mmalizane!

Uso wa Bwana Anverali! Aliwageukia wenzake akawaambia, si niliwaambia? Masharubu akataka kukimbia, akakumbuka, akatembea.

Mimi nikapanda ngazi kabla ya lifti, pumzi imekwisha, nikamwambia Bibi Miwani, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba mameneja wanarudi, wamefikiri upya, wanataka muelewane. Akashika kifua. Akasema ni watu waungwana sana.

Basi wakakutana mlangoni, kila upande unadhani mwingine amelainika! Sijaona tabasamu kama zile. Bwana Anverali, kwa kuwa ameitwa, akaona aibu kukaza, akapunguza. Bibi Miwani, kwa kuwa amerudiwa, akaona aibu kukataa, akaongeza. Mmoja anasema hapana, nyinyi kwanza, mwingine anasema hapana, sisi tumeshapata. Meno: yamebaki yote, hata ya watoto. Kuitwa usiku: watalipwa, si chote walichotaka, ila zaidi ya walichoota. Sambusa hazijapoa, wameshapeana mikono.

Mimi ndiye niliyefanya. Mimi!

Ijumaa, 8 Februari

Theluji ya ajabu. Basi la Weston limetambaa kama kobe. Nikafika hotelini kwa ushindi.

Wametia sahihi asubuhi. Baadaye Bibi Miwani akamshukuru Bwana Anverali kwa ujasiri wa kurudi bila kuitwa. Bwana Anverali akamshukuru yeye kwa unyenyekevu wa kuwaita. Wakatazamana. Kisha, polepole, wote wawili wakanigeukia mimi na trei yangu.

Nikawauliza kama wanataka chatne.

Bwana Anverali ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza Bibi Miwani, naye akacheka, miwani ikadondoka kwenye chatne. Akasema kwa upole wake kwamba nilichofanya hakifai kabisa, na kwamba amenisikia, na ananielewa. Kisha akala sambusa ya pili.

Bwana Anverali akampigia mke wake simu palepale. Nilisikia vigelegele kutoka kwenye simu. Vigelegele hivyo ni vyangu.

Halafu akaja Mama Shahbanu.

Akauliza ni nani amewapatanisha watu wiki ya kwanza. Zameer akaninyooshea kidole, taratibu, kwa raha, kama anayeonyesha mistari yake inayoshuka. Mama Shahbanu akasema yeye ana friji tatu zimejaa sambusa za wiki tatu! Akauliza nani atazila, mimi? Nikasema naweza kujaribu. Akasema vizuri, nianze leo. Akanipa mfuko wa sambusa zilizoganda kama mawe, akanishika bega, akasema mimi ni kijana mwenye akili na Mungu awasaidie wote watakaokutana nazo. Kazi imeisha.

Nimesimama kwenye theluji na mfuko, ndipo nikaelewa. Walipoelewana, mimi nimebaki bila kazi. Sikuwa nimelipigia hesabu hilo. Zameer alikuwa amelipigia tangu Jumanne! Kwa nini hakusema? Nimemuuliza. Akasema alisema, yataka subira, nami nikaona ni wivu.

Jumapili, 10 Februari

Kanisani nimewaambia watu wote. Kufika kwenye sadaka hadithi ilikuwa imekua, nimeshampatanisha hata meya.

Bwana Anverali amekuja nyumbani na mke wake! Wameleta kalimati. Mama amevaa kitenge kipya. Mke wake amenishika mikono yote miwili, akasema tangu ndoa yao hajamwona mzee akilala usingizi mzuri namna hii. Nikauliza kuhusu cheo changu. Bwana Anverali akasema, kwa mdomo huu, nikirudi shule ya watu wazima nikamaliza masomo, siku moja nitakaa kwenye ile meza badala ya kuizunguka na trei. Yeye mwenyewe atanipeleka kujiandikisha. Mama akasema amina. Mjomba Eustache akasema amina, kwa sauti ya pili.

Shule! Mimi? Watu wote wale wamesoma, na nani aliyewarudisha kutoka kwenye lifti? Nimewaambia nitafikiri. Nimekwisha kufikiri.

Mama akaniwekea saa ya kengele kando ya mto. Inaita alfajiri. Ina umbo la kuku. Amefanya makusudi.

Jumanne, 12 Februari

Naandika kituo cha basi, glavu mkononi, kwa hiyo mwandiko ni huu.

Kiwanda ni baridi kuliko nje. Glavu zimetoboka, chai ni ya vuguvugu, na msimamizi ni bwana mpole anayesema ahsante kwa kila jambo. Jana nilivumilia. Leo saa ya mapumziko niliwakusanya wenzangu, nikawaeleza nilivyoongoza mazungumzo ya jiji. Wakashangaa. Nikawafundisha mwendo. Mjomba Eustache akauliza, na hawa wasipoita? Nikamwambia mjomba, mbinu hii imepigisha magoti jiji la Toronto, itashindwa na kuku?

Tukataja yetu: glavu mpya, chai ya moto. Msimamizi akasema ametusikia. Nikaguna. Tukaondoka, watu kumi na zaidi, polepole, bila kutazama nyuma, tukapita lango, tukapita maegesho, tumefika hapa kituoni. Mabasi mawili yamepita. Mjomba meno yanagongana, anasema turudi. Nimemkataza. Anayerudi wa kwanza ndiye aliyeshindwa.

Ngoja! Nyayo kwenye theluji. Nimewaambia wasigeuke. Nimegeuka mimi, kidogo tu. Ni msimamizi, anakuja mbio, amekumbatia vyombo vyetu vya chakula tulivyovisahau. Anasema tusife njaa, na tuangalie barabara, inateleza. Sasa amesimama barabarani, anatusimamishia basi.

Nimewanong'oneza wenzangu: mnaona? Ameanza kulainika.