Pipa la Kumeza Moshi

Ulimi hakuwa amewahi kuuza kitu kinachofanya kazi, na hakuona sababu ya kuanza. Asubuhi ile, akiwa kwa kinyozi, redio ilitangaza kwamba viwanda vyote vitakaguliwa moshi, na kitakachozidisha kitafungwa. Akainuka na kichwa kimenyolewa nusu.

Jalalani aliokota pipa la maji, akalipaka rangi ya kijani, akalichomekea mabomba mawili na saa ya ukutani iliyokufa. Siku ya pili alikuwa kwenye kiwanda cha nondo, ambacho dohani yake ilikuwa ikitema moshi mweusi tangu mwenye kiwanda yu bibi harusi.

Sasa alikuwa mjane, wafanyakazi wakimwita Mama Nondo. Alilitazama pipa kwa miwani, kisha bila miwani.

"Linafanyaje kazi, mwanangu?"

"Linameza moshi, mama, linacheua hewa safi."

"Na hiyo saa?"

"Inapima moshi uliomezwa."

"Mbona imesimama?"

"Haujaingia bado."

Mama Nondo akatikisa kichwa kwa heshima. Ulimi alikaribia kumwonea huruma, ila macho yake yalikuwa getini, kwenye pikapu nyeupe yenye matairi mapya. Hiyo ndiyo bei aliyotaja. Hadi adhuhuri angekuwa mji wa tatu.

"Gari chukua, baba," mama akasema. "Nitilie sahihi tu hapa, kwamba wewe ndiye Mtaalamu Mkuu wa Moshi."

Mkuu! Ulimi hakusoma hata mstari. Akatia sahihi yenye mikia mitatu, akapewa funguo.

Geti likafunguliwa, lakini aliyeingia ni mkaguzi wa serikali na askari wawili. Pipa likaunganishwa na dohani, tanuri likawashwa. Pipa likakohoa mara moja, likapasuka, na masizi yakawapaka wote rangi moja.

"Nani anahusika na moshi hapa?" mkaguzi akauliza, akipangusa meno.

Mama Nondo akamwonyesha Ulimi kwa kidevu, akatoa karatasi.

Mkaguzi akaisoma kwa sauti. Kiwanda chenye mtaalamu hakifungwi. Kinapewa mwaka mzima wa kujirekebisha. Mtaalamu hatoki mjini mwaka huo, na moshi usipopungua, anayekwenda jela ni yeye. Wahandisi saba walikuwa wameikataa karatasi hiyo, mmoja akitorokea dirishani.

Ulimi akamgeukia mkaguzi. "Afande, mimi si mtaalamu. Mimi ni tapeli."

"Wasomi wa kweli ndivyo walivyo," mkaguzi akasema. "Hawajikwezi."

"Waulizeni watu mtaani. Nimeshawahi kuuza daraja."

"Na mcheshi," Mama Nondo akaongeza, akizitoa funguo taratibu vidoleni mwake. "Gari ni la kazi, mwanangu. Litakufuata kila alfajiri, fundi ataendesha."

Maskini Ulimi. Miaka ishirini watu walimeza uongo wake bila maji, na leo kweli tupu imewakaba kooni. Akawanyooshea askari mikono yote miwili, wamfunge pingu waondoke naye.

Wakaipokea mmoja mmoja, wakampa hongera ya cheo.