Ndege wa Kwenye Kopo

Chapa aliingia saluni kukimbia mvua, wala hakuwa na nia mbaya na mtu. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye halitasemeka. Alikuwa na shati jeupe, mkoba wa ngozi wenye gazeti la juzi na kitana, na ulimi wake, ambao hakuwahi kuusahau nyumbani. Jina la Chapa alipewa mjini kwa sababu hapakuwa na kitu duniani ambacho hakuweza kukibandika chapa kikauzika.

Akaonyeshwa kiti kilichokuwa wazi, mbele ya kioo kirefu. Runinga ilitundikwa ukuta wa nyuma, kwa hiyo wateja waliitazama humo humo kiooni, vichwa vyao vikiwa mikononi mwa msusi. Mle ndani hakuna aliyegeuka. Ukigeuka, unavutwa nywele.

Kwenye tamthilia, mke mdogo wa tajiri alikaa mezani pake, akafungua kopo la buluu lenye picha ya ndege mweupe, akachota kidogo, akapaka shavuni. Shavu likang'aa.

"Jamani, hayo mafuta!" alilia binti aliyekuwa akisukwa. "Mimi naolewa mwezi ujao na chunusi zangu, mwenzangu anang'aa kama sufuria jipya!"

"Yanaitwaje?" aliuliza karani mmoja mwenye taulo kichwani.

"Nani ajuaye?" alijibu msusi. "Maandishi wameyageuzia ukutani. Watu wa tivii hawatangazi mali ya mtu bure."

Chapa akakohoa. Kikohozi cha tapeli ni kama honi ya lori: ukikisikia, toka njiani.

"Hayo ni mafuta ya Korongo," alisema taratibu. "Madukani hamtayaona. Mimi nayajua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nionyesheni chupa yoyote, kopo lolote kwenye runinga, nitawaambia limetoka wapi na kama ndani mna kitu."

"Haya," alisema karani, "ile sabuni ya bafuni kwake?"

"Kipande cha mti kimepakwa rangi, dada yangu."

Wakashangaa, maana hapakuwa na wa kubisha. Shangazi yake msusi, aliyekuwa pembeni akikunja taulo, akainua macho.

"Na dawa ya meno?"

"Hiyo ya kweli, shangazi."

"Alaa! Kumbe mwanangu unaona hadi mdomoni mwa watu."

Wakacheka. Chapa akacheka zaidi yao, huku macho yake yakitembea. Mtu wa kazi ile hatazami watu wakicheka, anatazama rafu. Na kwenye rafu, ndani ya kabati la kioo, aliona wigi tatu.

Hizo wigi tatu ndizo zilizomshikilia msusi mjini. Zilikuwa nywele za binadamu, si mchezo. Alizinunua moja moja kwa kujinyima miaka miwili, na kila Jumamosi aliwakodishia maharusi, na Jumamosi hizo ndizo zilizolipa kodi ya chumba. Siku hizi ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa saluni nyingine, yenye milango ya kioo na ubaridi ndani, na wateja walikuwa wakivuka mmoja mmoja kama sisimizi waliosikia sukari.

"Kaka," msusi alimnong'oneza Chapa mvua ilipokatika, "nikiwa nayo hayo mafuta peke yangu mtaa huu, watarudi wote. Lakini pesa sina."

"Nani ametaja pesa, dada? Mimi nasaidia watu. Nakuletea makopo arobaini, nawe unanipa hizo nywele. Shavu kwa nywele, nani kapunjika?"

Msusi akameza mate. "Niletee moja kwanza, niyaone."

Tangu hapo Chapa hakukaa chini. Alinunua ndoo ya mafuta ya mgando, yale ya kupaka visigino, akayatia marashi kidogo, akapata makopo ya buluu kwa fundi wa mabati. Kisha akaenda kwa mchapaji wa lebo.

"Ndege aangalie wapi?" aliuliza mchapaji.

"Kushoto."

"Una hakika? Wengi hupenda kulia."

"Wewe! Nimemwona kwa macho yangu mawili."

Siku ya tatu akawa saluni na kopo moja. Binti wa harusi akapaka, akang'aa. Ukweli usemwe: mafuta ya mgando hung'arisha hata meza. Karani akalishika kopo, akalilinganisha na lile la kiooni, maana tamthilia ilikuwa hewani. Ndege alikuwa yule yule, mdomo ukielekea kushoto.

"Ndiyo yenyewe!" akapiga kelele. "Haki ya Mungu, ndiyo yenyewe!"

Msusi machozi yakamlenga. Shangazi alichota mafuta kwa ncha ya kidole, akayasugua, akayanusa. Aliomba tu aondoke na kopo hilo jioni, alilinganishe na marudio ya tamthilia nyumbani kwake.

"Chukua, shangazi," alisema Chapa kwa ukarimu. "Kesho naleta yote."

Kesho yake alifika na mkokoteni na maboksi manne. Alikuta mambo tayari. Wigi tatu zilikuwa zimefungwa vizuri kwenye karatasi laini, zimechanwa, zinanukia. Akazifungua, akazipapasa, akatikisa kichwa kama mjuzi.

"Hizi ni za kweli," akatangaza. "Mimi huwezi kunidanganya kwa nywele."

"Nani atathubutu?" alisema msusi, akiinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Shangazi akamsindikiza hadi mlangoni. "Nenda salama, mwanangu. Ila ndege wako anaangalia alikotoka."

Chapa akaichukua kama baraka za wazee, akashukuru.

Mnunuzi wa nywele alikaa sokoni, mzee mmoja mfupi wa maneno. Hakuzipapasa wigi wala kuzinusa. Aling'oa unywele mmoja, akawasha kiberiti. Unywele haukuungua. Ulijikunja, ukayeyuka, ukaganda kama tone jeusi, na harufu ikawa ya ndala iliyoanguka jikoni.

"Jaribu nyingine," alisema Chapa.

Mzee akajaribu nyingine. Akajaribu na ya tatu. Kisha akazimisha kiberiti kwa kupuliza, kwa heshima, kama mtu aliye msibani.

"Nywele ya binadamu hunuka kama unyoya ukiungua, ikawa majivu. Hizi ni plastiki, ndugu yangu. Hujui hata hilo?"

Chapa alirudi saluni mbio, jasho likimtoka. Binti wa harusi alikuwa kitini anawekwa dawa ya nywele, na shangazi alikuwa akimpaka mafuta ukingoni mwa paji la uso, nyuma ya masikio, shingoni, ili dawa isimuunguze. Alichota kwenye kopo la buluu. Kabatini, kule juu, wigi tatu zilikaa kama malkia.

"Mmenipa plastiki!" Chapa alifoka.

"Nani kakwambia?" aliuliza msusi.

"Nimezichoma!"

"Na sisi mafuta yako tumeyapaka," alisema shangazi. "Miaka thelathini nazungushia vichwa vya watu mafuta haya, leo nisiyajue kwa kuwa yamejipaka marashi? Lakini nikasema nisimwonee kijana wa watu, nikatazame kwanza. Nyumbani kwangu hakuna kioo, mwanangu. Naitazama tivii uso kwa uso."

Tamthilia ilikuwa hewani. Chapa akatazama kiooni: ndege anaelekea kushoto, kama wake.

"Geuka," alisema shangazi.

Chapa akageuka. Alikuwa mtu wa kwanza kugeuka mle saluni tangu runinga itundikwe. Pale ukutani, juu ya kopo la mke mdogo wa tajiri, ndege alikuwa akiangalia kulia.

Karani akaanza kucheka, taratibu, halafu akashindwa kujizuia. Binti akacheka na dawa kichwani. Chapa akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaomba badala ya kuuza. Akauliza kwa upole kama mafuta hayo wangeweza kumrudishia.

"Ya nini, na tumeshayafungua?" alisema msusi. "Haya yanatutosha mwaka mzima, sijawahi kupata kwa bei hii. Yakiisha tutakuita, kaka. Wigi za plastiki bado ninazo."

Chapa akaokota mkoba wake. Alipofika mlangoni, kwa mazoea ya mtu aliyeondoka sehemu nyingi kwa haraka, alitazama nyuma.

"Umeona?" shangazi alimwambia binti, akichota tena. "Anaangalia alikotoka."