Wimbo Uliomtaja Kila Mtu Isipokuwa Mimi

Kwa Kiongozi, Mpiga Solo na Mwenye Jenereta,
Syumbani Boys Band,
Ukambani.

Mheshimiwa Kiongozi, ambaye kwa upande mwingine ni Mjomba Shem, ndugu ya mama yangu,

KUH: KUTOTAJWA KWANGU KATIKA WIMBO "MWAKA WA NZUU"

Pokea salamu zilizojaa heshima kutoka Kangemi. Huku tu wazima, mvua inanyesha na mboga ya sukuma imejaa soko lote. Hayo ni ya adabu tu. Katika barua hii naomba ujomba ukae nje kidogo, kwenye benchi, mpaka tumalize. Nitauita mwishoni.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu uliikata. Kiswahili changu ni cha kidato cha pili, na sikuondoka shuleni kwa kushindwa. Shule ndiyo iliyoshindwa kunimaliza. Kwa hivyo ukikuta sentensi imesimama vizuri, ujue ni kipaji.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Wimbo wenu mpya, Mwaka wa Nzuu, unaosimulia mwaka ule mbaazi zilipokubali na kila mtu akanenepa, ni wimbo mzuri. Sikatai. Gitaa linaongea, besi linatembea kama mtu aliyeshiba. Lakini sisi sote tunajua desturi ya bendi za kwetu. Mwimbaji akishamaliza habari, anaanza kuita majina ya watu wake, mmoja mmoja, na aliyeitwa anatembea kifua mbele mwaka mzima. Nyinyi mmeita majina tisa. Mmemtaja fundi wa baiskeli. Mmemtaja Yvonne wa zahanati, ambaye kazi yake kubwa ni kudunga watoto sindano wakalia. Mmetaja mashine ya kusaga. Mmetaja mbwa, Mjomba. Mbwa wa mwenye mashine ya kusaga. Mimi sipo.

2. Jina la sita ni Kiragu. Huyu Kiragu si wa kwetu, si mkwe wetu, hata nzuu hali kwa sababu zinamjaza tumbo upepo. Alikuja na lori kununua maembe mara moja, likakwama, bendi ikamsukuma. Sasa msukumwaji anaimbwa, na mwenye damu anasikiliza. Ingekuwa kuimbwa ni kukwama, mngeniambia tu, nikakwama.

3. Nilipozaliwa, mama anasema, wewe mwenyewe ulinishika ukasema, "Huyu sauti yake ni ya solo, nitamwimba." Niko na shahidi, mama. Krismasi ile barabara ilipokatika, nani alibeba betri ya gari kichwani kutoka lami hadi kwa nyanya ili mcheze? Asidi ilinimwagikia, suruali ikabaki na dirisha nyuma, na nilicheza hivyo hivyo mbele ya watu bila kugeuka hata mara moja. Mbwa alibeba nini?

4. Sasa tuje kwa huduma yangu huku Nairobi, maana inaonekana habari haijafika. Mimi ndiye ninayewasambaza. Kibanda changu kiko karibu na soko, mlango wa bluu, kompyuta moja, spika mbili, mteja haingii akatoka mikono mitupu. Nanunua flashi tupu mjini, kwa Viraj, ambaye babake ana duka la spika, nazijaza nyimbo, zenu na za wengine, na wachuuzi wanazipeleka hadi Uthiru na Mutuini. Mabawabu wote wa Kilimani wanalinda magorofa ya watu huku wanasikiliza Syumbani Boys. Kuna mama mmoja wa huko, Sonal, dereva wake ni wa kwetu. Siku moja nimepeleka spika nimemkuta kwenye lifti anaimba kiitikio chenu kwa mdomo uliofungwa. Hajui hata neno moja, ila kichwa kinakwenda. Nani alimfikishia? Mbwa?

Na si kujaza tu. Nyimbo za kwetu ni ndefu, zinafika dakika tisa, na flashi ina mipaka yake. Hapo ndipo ufundi unapoingia. Kila wimbo naunyoa. Maneno yakishaisha na gitaa likianza kukimbia peke yake, naukata hapo, dakika ya tano au sita, kwa sababu ule mwisho ni mbio tu za nyuzi, hauna habari. Hivyo flashi moja inaingia nyimbo mia mbili, na wenzangu wanashindwa kuelewa nafanyaje. Jirani yangu Kuria, kinyozi wa vichwa, amenibandika jina la Kinyozi wa Nyimbo. Anasema kwa wivu, nami nalivaa kama medali.

5. Haya yote ningeyameza, maana nina moyo mkubwa. Lakini kuna jambo la Mutuini, na hapa ndipo nakuomba uweke gitaa chini.

Yuko msichana anaitwa Waceke. Anafanya kazi kwa chemisti ya hapa Kangemi, na nimeumwa na kichwa muda wa mwaka mzima ili niwe naingia pale. Amekubali. Kilichobaki ni babake, Mzee Mbuthia wa Mutuini, mwenye ng'ombe watatu, nyumba kumi za kupangisha na sikio la muziki. Yeye ni mtu wa mugithi, muziki wa Wakikuyu. Anaamini Mungu aliumba gitaa moja na mtu mmoja, akapumzika.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kujitambulisha. Walikuwapo yeye, ndugu zake wawili, chapati na chai. Akaniuliza, "Kijana, wewe ni wa nani?" Mtu mwingine angetaja ukoo. Mimi nikasema ni mpwa wa Shem wa Syumbani Boys, bendi isiyo na mpinzani toka Athi River hadi mwisho wa dunia, na kwamba katika wimbo mpya nimeimbwa kwa jina.

Sikudanganya. Wimbo ulikuwa umenifikia asubuhi ile, nikaunyoa mbiombio, nikautia kwenye flashi, nikaiweka mfukoni. Sikuusikiliza kwanza. Nani hufungua kitambulisho chake kila asubuhi kuangalia kama jina bado lipo?

Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, "Mtu akiimbwa na watu wake, huyo ni mtu. Lete tusikie." Akamwita mpangaji wake, Mama Nduku, Mkamba halisi, atutafsirie. Mjomba, tulikaa pale. Fundi wa baiskeli akapita. Yvonne akapita. Kiragu akapita, na wazee wakaangaliana, wakamwuliza Mama Nduku kama amesikia vizuri. Mashine ikapita. Mbwa alipopita, Mama Nduku alitafsiri kwa sauti ya chini sana. Halafu mkaimba "na wengine wote," na wimbo ukaisha.

Waceke, Mungu ambariki, akasema, "Baba, yeye yuko kwa hao wengine wote." Mzee akajibu, "Na hao wengine wote nao wanakuja kuoa hapa?"

Ndugu yake mmoja akauliza kama mbwa ameoa.

Sikulia. Nilimeza chapati nzima bila kutafuna, ndiyo maana macho yalitoa maji. Mzee hakunifukuza. Ni mtu wa haki. Alisema nirudi Jumamosi hii na wimbo ulio na jina langu. Nikija bila huo, nisije. Akaongeza, "Nimechoka na vijana waongo. Hata flashi yangu ya mugithi niliyonunua kwa mchuuzi wa Kangemi, nyimbo zote hazina mkia. Mtu anaanza kuchangamka, anainuka, ghafla kimya. Huyo aliyezikata nikimjua, hatavuka lango langu na miguu yote miwili." Nilimuunga mkono kwa nguvu. Nilisema mtu kama huyo ni adui wa jamii na anafaa kufungwa. Sikuona haja ya kuongeza mengine, chai ilikuwa inapoa.

6. Niliporudi nilikupigia simu. Nilieleza kwa adabu, na wewe ulinijibu kwa swali moja tu: "Kisilu, umeusikiliza wote?" Mimi. Niliyeusikiliza mara sitini tangu Jumamosi, hata Kuria akanitishia kwa wembe. Nikakwambia najua kila neno. Ukacheka. Nikasikia bendi nzima inacheka nyuma yako, hadi mpiga ngoma ambaye huwa hacheki. Ukakata. Hili nimeliweka la sita lakini kwa uchungu ni la kwanza.

Basi, kwa kuwa mimi ni mtu wa suluhu, naomba yafuatayo kabla ya Jumamosi, saa nane mchana:

Kwanza, wimbo uimbwe upya na jina langu litajwe. Mara moja ingetosha mtu wa kawaida. Mimi naomba mara tatu, gitaa likiitikia kila mara, na Kangemi itajwe ili nisichanganywe na Kisilu mwingine.

Pili, pasitajwe jina tupu, jina tupu hata mashine ya kusaga inalo. Semeni kazi yangu, semeni kibanda kilipo, semeni mimi ni mwana wa dada yako.

Tatu, Kiragu atolewe. Mbwa naweza kumvumilia, akae nyuma yangu.

Nne, nakala zote za zamani zikusanywe nyumba kwa nyumba, kutoka Machakos hadi Kitui, mzichome mbele ya chifu. Za huku Nairobi nitazichoma mimi.

Tano, Krismasi kabla ya wimbo wowote mtangaze kwamba bendi ilikosa, mkiwa mmesimama, mpiga besi akiwa amevua kofia.

Msipotimiza, Mjomba, nitahama. Siongei kuhama nyumba. Nitahama kwetu. Kangemi imejaa Waluhya, watu wakarimu. Nitaanza kusema kwetu ni Kakamega, nitacheza isukuti, ngoma yao, mabega ninayo, na watanitaja wiki ya kwanza. Kila flashi itakayotoka kwa mlango wa bluu itakuwa ngoma tupu. Mabawabu wa Kilimani watasinzia, na majirani wa Sonal watamkuta kwenye lifti anatingisha mabega. Hapo mtajua mlikuwa na nani.

Sasa ujomba unaweza kuingia. Msalimie nyanya, mwambie dirisha la suruali lilishonwa. Wasalimie bendi yote hata waliocheka. Msalimie Yvonne, sindano sijasahau. Salimu fundi wa baiskeli, na mashine, na mwenye mashine. Kiragu akipita, mwangalieni tu.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, aliyesahaulika na kwao,

Kisilu
Mlango wa bluu, Kangemi.

Nyongeza: Mjomba, barua nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua tena nikiwa mjini, nikielekea kumpa dereva wa basi la Machakos. Nilipitia kwa Viraj kuchukua flashi, nikamkuta anajaribu spika mpya kwa wimbo wenu, ameutoa mtandaoni, mzima. Nikamwambia auzime, nina kidonda. Akasema, "Ngoja, boss, mwisho ndio mtamu."

Dakika ya saba gitaa linaendelea kukimbia, sijawahi kufika huko, na wewe unaingia juu yake na kuimba: "Kisilu mwana wa dada yangu, Kinyozi wa Kangemi, umetunyoa nyimbo hadi masikio. Wewe uliyenunua wimbo bila mkia, usilie, mkia anao Kisilu, mlango wa bluu, karibu na soko." Mara tatu. Gitaa linaitikia kila mara. Kazi mmetaja, kibanda mmetaja, mama mmemtaja. Sina la kuongeza. Viraj aliomba nimtafsirie, nikamwambia ni habari za mbaazi.

Kwa hiyo futa malalamiko ya kwanza hadi ya sita. Kiragu ni mtu mzuri, abaki. Isukuti ilikuwa maneno tu, mabega yenyewe yananiuma. Zile nakala fupi, popote zilipo, naomba zisichomwe hata moja.

Waceke ameniandikia sasa hivi. Anasema babake ameuona wimbo mzima mtandaoni ila hataki kuusikiliza peke yake, amesema tuungoje Jumamosi tuusikie pamoja. Ndugu zake wote watano wanakuja. Mama Nduku ameshaambiwa.

Naomba basi, kwa unyenyekevu mkubwa, wimbo uondolewe huko mtandaoni usiku huu na urudishwe ukiwa umekatwa kuanzia dakika ya sita. Kama huko kwenu hamna mtu anayejua kukata, mimi nipo.