Ng'ombe wa Mwitaliano

Gozbert alikuwa dukani kwa Habibu, pale Nyamiaga, akikopa soda kwa maneno matamu, wakati akina mama sita walipoingia kuulizia masweta. Siyo sweta moja. Sita, tena mazito.

"Mazito kiasi gani?" akauliza Habibu.

"Ya Roma," akajibu Mama Eustakia, mwenyekiti wao.

Gozbert akaiweka soda chini. Watu wengine wakisikia Roma hufanya ishara ya msalaba. Huyu alihesabu vichwa.

Akina mama walikuwa wameweka akiba miaka mitatu, shilingi kwa shilingi, kahawa na maharage, ili waende kuhiji. Fedha yote ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha mtunza hazina wao, Priscila. Walichokosa ni wakala wa safari. Na wakala, jamani, ndiye huyo hapo amesimama, kiatu kinang'aa, kalamu tatu mfukoni, zote hazina wino.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu."

"Ofisi yetu iko Bukoba, na tawi Milano. Siku nane tu. Mnashuka Roma, mnapanda treni, mnaingia Firenze. Treni yenyewe haina hata vumbi."

Milano! Mtu ambaye hata stendi ya Biharamulo haikanyagi, kwa kuwa kuna watu wanamtafuta pale kwa mambo ya mbegu za mahindi zisizoota.

"Mji kwa mji?" akauliza Mama Eustakia.

"Mji kwa mji, mama."

"Na shambani?"

"Shambani wapi tena?"

"Marehemu Padri Luchano alikaa nasi hapa miaka thelathini. Ametubatizia watoto, ametuzikia waume. Kwao ni shambani, katikati ya Roma na hiyo Firenze yako, wanalima zabibu. Leo tupite karibu na kwao kimya kimya, bila kuingia kuwapa pole? Sisi ni wezi wa kuku?"

"Haiwezekani!" wakaitikia wenzake.

Tapeli wa kawaida angekereka. Gozbert nusura ambusu bibi wa watu.

"Kuchepuka kupo," alisema taratibu, uso umejaa majonzi ya kazi. "Ila kuna gharama yake. Kuisimamisha treni ya kule shambani si mchezo. Dereva lazima aandike barua."

"Anamwandikia nani?" Priscila akauliza.

"Serikali."

Wote wakatikisa kichwa. Serikali wanaijua.

Jioni hiyo Gozbert alikwenda gesti moja Ngara mjini kuonana na mwenzake Nyandwi. Huyu alikuwa mpishi, aliwahi kuwapikia mapadri wa Kiitaliano, na Kiitaliano chake chote alikiokota jikoni. Gozbert hakuwahi kumuuliza ni jikoni wapi.

"Utakuwa mpwa wa Padri Luchano, mkulima wa zabibu," alimwelekeza.

Nyandwi akakohoa kidogo. "Luchano? Sawa," akasema. Mtu mwenye njaa hakatai kazi kwa sababu ya jina.

Walikubaliana nusu kwa nusu. Na kwa vile walipendana sana, walinunua begi jeusi na kufuli: begi akae nalo Gozbert, ufunguo akae nao Nyandwi.

Wiki iliyofuata sanduku la Priscila lilimiminwa lote ndani ya begi, na kufuli likabanwa mbele ya macho ya watu. Gozbert tayari alikuwa na mguu mmoja juu ya pikipiki Mama Eustakia alipomshika mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Tuwasalimie wenyeji wetu."

Gozbert akapiga simu, akaweka spika.

"Pronto!" ikasikika sauti nzito. "Bonjorno, mama! Minestra! Makaroni!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Eustakia hakupiga. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa, akauliza habari za zabibu, za mvua, za watoto. Mwitaliano alijibu yote kwa Kiswahili cha kupindapinda, na kila alipokwama alitaja chakula. Simu ilipokatwa, bibi aliweka mkono shavuni. Kisha akatabasamu.

"Watu wazuri. Hatuwezi kwenda kwao mikono mitupu. Tutawapa ng'ombe."

Gozbert akashuka kwenye pikipiki.

"Ng'ombe, mama?"

"Ana mimba. Utampokea wewe kwa niaba yao, ukajue namna ya kuwafikishia."

Gozbert akamwona ng'ombe yule, pembe hizi hapa, ngozi inateleza, akaona na mnada wa Nyakahura, na wanunuzi wanavyogombana. Halafu akamwona Nyandwi, anachukua nusu. Picha hiyo ya mwisho akaifuta.

"Jambo moja tu," alisema. "Kwenye simu msimtaje ng'ombe. Italia ni mwiko. Ng'ombe hutajwa ana kwa ana."

"Kumbe!" akasema Mama Eustakia, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Sawa. Na sisi tuna la kwetu. Ng'ombe haondoki kavu kavu. Aliyepewa anamshukuru aliyempa kwa pombe ya rubisi na chakula, mbele ya ukoo. Mwenyewe yuko mbali, basi utasimama wewe. Jumamosi."

"Ukoo ni watu wangapi?"

"Ah, sisi kwa sisi tu."

Sasa tazama alivyobanwa. Begi hawezi kulifungua, ufunguo uko kwa Nyandwi, na Nyandwi anajua kilichomo hadi noti ya mwisho. Ikabidi sherehe ya ng'ombe wa siri itoke mfukoni mwake mwenyewe. Saa ikauzwa. Akiba yake ya dharura, ile ya kukimbilia, ikaenda kwenye rubisi. Pikipiki ikabaki kwa Habibu kama rehani ya mchele, mafuta na kreti za soda.

"Harusi yako?" Habibu akauliza.

"Biashara," Gozbert akajibu kwa uchungu.

Jumamosi sisi kwa sisi wakaja. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, wengine kwa Fuso. Walikuja wajomba, wakaja waliowahi kuoa kwenye ukoo wakaachika. Gozbert aliwakaribisha begi likiwa mgongoni, anatabasamu huku roho inamuuma, kila sahani inayopita anaiona ni pikipiki yake inakwenda. Lakini jicho lilikuwa kwa ng'ombe, amefungwa pale mti wa uani, anatafuna bila wasiwasi.

Walipokwisha kushiba, Mama Eustakia alisimama.

"Mpigie mpwa wa Padri atusikie tukifurahi."

Gozbert akapiga. Nyandwi alikuwa ameambiwa ashukuru kikapu cha maharage.

"Pronto! Asante kwa maharage, mama!"

"Maharage gani?" bibi akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mwanangu, tumekupa ng'ombe! Wa pembe ndefu, ana mimba! Wakala wako hajakwambia?"

Italia nzima ilinyamaza.

"Ng'ombe?" sauti ikauliza.

"Mtandao mbaya!" Gozbert akaruka kuichukua simu, lakini Priscila alishaikumbatia.

"Mama," Mwitaliano akasema, na safari hii hakutaja chakula hata kimoja, "huyo wakala ni mwizi. Asiondoke na kitu! Wageni wa mjomba wangu hawalipi kwangu hata senti. Mvueni begi. Na ng'ombe, mpeni Nyandwi, yule aliyempikia mjomba. Maskini, mtu mwema sana."

"Uongo! Huyo siyo Mwi—" Gozbert akaanza, akasita. Watu mia na hamsini, wameshiba na wana nguvu, walikuwa wanamngoja amalizie. Akili ilimjia mapema kuliko kawaida yake. Akavua begi mwenyewe, akalikabidhi kwa mikono miwili, akashika njia ya Ngara kwa miguu, kiatu kinang'aa.

Priscila hakusubiri ufunguo. Alilichana begi kwa kisu cha viazi, akahesabu huku machozi yanamtoka, na ilipotimia yote akakaa chini kwenye majani akacheka mpaka akashika mbavu.

Nusu saa baadaye Nyandwi alifika kwa bodaboda, kamba mpya mkononi.

"Nimesikia nimeitwa," alisema, anahema.

"Umesikiaje?"

"Nimepigiwa kutoka Italia."

"Nyandwi," Mama Eustakia alisema kwa upole, "mbwa wee. Miaka kumi na miwili umepika pale parokia, mimi nafua vitambaa vya kanisa dirisha la pili. Nisiijue sauti yako? Nilikujua uliposema minestra. Ila fedha zetu zilikuwa zimeshaingia begini, na yule mwenzako alikuwa na pikipiki. Ningepiga kelele angekimbia. Ilibidi nimpe sababu ya kubaki. Na aliposema nisikutajie ng'ombe, nikajua anakupunja."

Nyandwi akaitazama ardhi. Kisha, kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo ng'ombe sipewi?"

"Nani kasema? Neno limetoka mbele ya ukoo, siwezi kulirudisha. Ng'ombe ni wako."

Nyandwi akakurupuka na kamba yake.

"Basi tupangie Jumamosi gani utatushukuru," bibi akaendelea. "Maana hii ya leo ilikuwa ya Mwitaliano."

Ukoo mzima ukageuka kumwangalia, na mzee mmoja akauliza kama safari hii kutakuwa na nyama.